Bi Nasemba na Shamba la Ukunguni

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika vizuri. Wale wa kule nyuma mmebana midomo kama watu walioogopa tayari, na mimi hata sijaanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogeeni motoni, na kila mtu amshike aliye karibu naye, maana hadithi ya leo si ya kusikiliza ukiwa peke yako.

Hapo zamani za kale, wanyama waliposema na watu na watu wasishangae, palikuwa na kijiji mlimani kiitwacho Mrindi. Juu ya kijiji palikuwa na msitu, na juu ya msitu palikuwa na uwanda ambao hakuna mtu aliyewahi kuukanyaga. Kijijini hapo aliishi mwanamke mmoja, Bi Nasemba. Mumewe, Senzota, alikufa wangali vijana, na hawakujaliwa mtoto. Alibaki na nyumba ndogo na bustani kubwa.

Na bustani yenyewe mngeiona! Mchicha wa majani mapana kama viganja, mnavu mweusi, maboga yaliyolala chini ya majani yake kama watoto waliojifunika, magimbi kando ya mfereji, migomba nyuma ya nyumba. Bi Nasemba aliamka akalima, akapumzika akapalilia, akachoka akamwagilia. Lakini mavuno yale hakuyala peke yake. Mwanamke akijifungua, Bi Nasemba amefika na ndizi na mnavu. Mtu akiugua, Bi Nasemba amefika, amemkanda, amemlisha. Mfereji ukiziba, watu waliamka wakakuta maji yanapita, na jembe la Bi Nasemba limejaa tope. Hakuna aliyemtuma. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, alicheka tu na kusema, "Ningekaa nyumbani nifanye nini?"

Watu walimpenda. Walimzoea pia, kama unavyozoea maji ya mfereji yanayopita nyuma ya nyumba yako.

Hata Fuko alikuwa jirani yake. Mnamjua fuko, yule anayechimba chini kwa chini akitafuna mizizi. Wakulima wengine waliwategea mafuko kamba. Bi Nasemba alipanda mstari mmoja wa viazi vitamu ukingoni, akainama kwenye shimo, akasema, "Fuko bwana, mstari huu ni wako. Iliyobaki ni ya wagonjwa. Tumeelewana?"

Fuko akatoa pua yake. "Tumeelewana, mama."

Sasa sikilizeni.

Mwaka mmoja, masika ilipokwisha, ukungu ulishuka. Si ule wa asubuhi unaoondoka jua likipanda. Huu ulishuka mchana, jua likiwa utosini. Ulitoka msituni, ukatambaa juu ya mahindi, ukafunika nyumba ya kwanza, ukafunika ya pili, ukafunika zote. Kuku wakanyamaza. Mbwa wakaingia uvunguni. Na humo ukunguni ikatoka sauti.

"Mbonea!"

Mbonea alikuwa shambani na mkewe Namkunda, wakipalilia mahindi. Akainua kichwa.

"Mbonea we!"

Ilikuwa sauti ya mama yake, na mama yake alikuwa amezikwa miaka mitano iliyopita.

Namkunda akamshika mkono. "Mume wangu, usiitike. Mama tulimzika wenyewe."

"Lakini ndiye," Mbonea akasema, machozi yakimtoka. "Sikiliza vizuri. Ndiye!"

"Mbonea, mwanangu, njoo!"

"Naam, mama!" akaitika.

Palepale uso wake ukatulia kama wa mtu aliyelala. Akauachia mkono wa mkewe, akaliweka jembe chini taratibu, akaingia ukunguni. Namkunda akamfuata akipapasa. Akashika ukungu, akashika majani ya mahindi, mume hakumshika. Jioni ukungu ulipopanda, nyayo za Mbonea zilionekana wazi kwenye tope. Zilikwenda mpaka ukingo wa msitu, zikakatika.

Kesho yake ukungu ulishuka tena, akaenda mtu mwingine. Kesho kutwa ukashuka tena, wakaenda wawili. Watu wakatambua kwamba ni Zimwi, na kwamba lina desturi yake. Linaita mara tatu, kwa sauti ya mtu umpendaye. Asiyeitika halimwezi. Anayeitika ni wake.

Mtasema, basi si wazibe masikio? Walijaza pamba masikioni, lakini sauti ile haikupitia masikioni. Ilisikika hapa, kifuani. Mtu alijifungia ndani, akajifunika nguo gubigubi, akauma meno, na bado alimsikia mwanawe aliyekufa utotoni akilia nje ya mlango, "Mama, nifungulie." Nani kati yenu angenyamaza? Wewe? Haya.

Wakaacha kutoka. Mashamba yakaota magugu, mfereji ukaziba. Wagonjwa wakalala bila maji, na njaa ikaingia majumbani.

Aliyetoka alikuwa mmoja tu.

Msidhani hakuogopa. Mtu asiyeogopa humwoni akisimama mlangoni mkono umegandia kwenye komeo. Bi Nasemba aliogopa hivyo kila siku. Siku moja, akiwa amesimama vile, aliona mtungi wake pembeni, akapata wazo. Akapiga funda kubwa la maji, asilimeze. Mtu mwenye maji kinywani hawezi kuitika. Akafungua mlango, akatoka na kikapu chake.

Zimwi likamwita. "Nasemba!" Mashavu yamejaa maji, akapita. "Nasemba we!" Akapita. "Nasemba, njoo!" Maji yakamtikisika kinywani, akapita.

Nyumba kwa nyumba alipeleka mboga na maji, na akishaingia ndani alimeza funda lake na kuwafundisha wenye nyumba. Wengi walimshukuru. Hakuna aliyetoka kumsaidia. Walisema, "Wewe Bi Nasemba una moyo," wakafunga mlango.

Wakati huo watu wanane walikuwa wamekwisha kwenda. Wa tisa alikuwa Nakijwa, binti ya Mbonea na Namkunda, mtoto wa miaka kumi.

Alitoka mlango wa nyuma, mama yake akiwa anachochea moto. Namkunda alisikia neno moja tu, "Abee, baba!" Alipogeuka, mlango ulikuwa wazi na ukungu umeingia mpaka jikoni.

Bi Nasemba alimkuta Namkunda sakafuni, sauti imemkauka kwa kulia. Akaketi naye chini. Na hapo sakafuni udongo ukafura, ukapasuka, Fuko akachomoza.

"Mama, nimekutafuta. Nimechimba toka juu bila kupumzika."

"Juu wapi, Fuko?"

"Juu ya msitu, kwenye uwanda. Nilikuwa nikichimba, nikagonga kitu kinaning'inia kutoka juu. Mimi sioni, mama. Nikadhani ni mzizi. Nikakinusa, hakikuwa mzizi. Nikakipapasa, kikawa na vidole vitano. Ulikuwa unyayo wa mtu."

Namkunda akaacha kulia.

"Ni maiti?" Bi Nasemba akauliza polepole.

"Ulikuwa na joto, mama. Nikautekenya. Ukajikunja."

Bi Nasemba akafikiri. Alikuwa mwanamke wa kulima, na alielewa kabla ya mwenzake kuelewa.

"Zimwi limewapanda," akasema.

Akasimama. Akachukua jembe lake dogo la kupandikizia miche, akachukua panga, akajaza kibuyu maji. Namkunda naye akasimama.

"Twende wote."

"Hapana, mwanangu."

"Ni mtoto wangu! Ni mume wangu!"

"Ndiyo maana. Mbonea yuko kule. Akikuita yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, utaitika. Kaa hapa. Washa moto mkubwa, tutakuja na baridi."

Tutakuja, alisema. Bi Nasemba akapiga funda la maji, akatoka.

Alipanda. Ukungu ulikuwa mzito hata hakuyaona magoti yake. Alipita mahindi, akapita migomba ya mwisho, akaingia msituni. Matone yalidondoka kutoka kwenye matawi, na kila tone lilikuwa kama hatua ya mtu nyuma yake. Aligeuka, hapana mtu. Akaenda, akageuka, hapana mtu. Akaenda, wala hakugeuka tena.

Msitu ulipokwisha, akalikuta shamba.

Nimewaambia mshikane. Shikaneni.

Walikuwa wamepandwa kwa mstari, nafasi sawasawa, kama kabichi. Wengine wamefukiwa mpaka magotini, wengine mpaka kiunoni. Mikono imelala ubavuni. Macho yako wazi, hayapepesi, yanatazama mbele, na umande umejaa kwenye kope. Mzee mmoja alikuwa ameota kuvu mabegani. Mama mmoja alikuwa amechipua jani nyuma ya sikio, jani bichi, dogo, zuri. Na pale chini palikuwa pamepaliliwa vizuri. Hapakuwa na gugu hata moja. Hilo ndilo lililomtisha Bi Nasemba kuliko yote. Aliyelima pale aliipenda kazi yake.

Nakijwa alikuwa mwisho wa mstari, udongo bado mbichi, amefukiwa mpaka vifundoni tu. Bi Nasemba akapiga magoti. Alijua kwamba mche hauvutwi, ukiuvuta unakatika. Unachimba kwa mbali, unazunguka, unaunyanyua na donge lake la udongo. Akachimba, akazunguka, akamnyanyua. Mtoto akapepesa. Akafungua kinywa alie, na kabla sauti haijatoka Bi Nasemba akammiminia maji kinywani na kumwekea kidole midomoni. Nakijwa akaelewa. Machozi yakamtoka mashavu yakiwa yamefura.

Akaenda kwa wa pili. Akachimba, akazunguka, akanyanyua, akammiminia maji. Wa tatu, hivyo hivyo. Wa nne, wa tano. Mikono ikamchubuka. Wa sita, wa saba. Yule mama wa jani, alipotolewa, alilichuma mwenyewe, na damu kidogo ikatoka. Wa nane alikuwa mzee wa kuvu, na funda lake ndilo lililomaliza kibuyu.

Akabaki Mbonea, wa kwanza kupandwa.

Alikuwa amezama mpaka kifuani. Bi Nasemba akachimba. Akafika kiunoni, akafika magotini, akaendelea. Miguu haikuisha. Ilikuwa imegeuka kahawia, imejigawa, imejigawa tena, imekwenda chini kama mizizi ya mti wa miaka mingi. Akaingiza panga chini ya mzizi mmoja mdogo, na Mbonea akamgeuzia macho.

"Niache," akasema.

Bi Nasemba alishtuka, akameza maji yake yote.

"Niache, Bi Nasemba. Hapa siumwi na kitu. Mama yuko karibu nami. Mpeleke mtoto."

Na ubaridi ukaingia. Tone moja likamdondokea Bi Nasemba shingoni, kutoka juu, mahali ambapo hapakuwa na mti.

"Mkulima mwenzangu," ikasema sauti.

Hakuinua kichwa. Pembeni mwa jicho aliona mikono iliyofika mpaka chini, vidole vipana kama majembe. Kichwa hakukiona, kilikuwa juu sana ukunguni. Miguu haikuwepo.

"Unaharibu shamba langu," Zimwi likasema, bila hasira. "Sikukasirikii. Umeona walivyotulia. Huko kwenu waliugua, waligombana, waliona njaa. Hapa nawamwagilia kila siku. Wewe umewatumikia miaka mingapi? Ulipoumwa homa mwaka jana, siku nne, nani alikuja kwako?"

Bi Nasemba alikumbuka zile siku nne. Alikumbuka alivyotambaa mpaka kwenye mtungi.

"Hakuja mtu," Zimwi likasema. "Mimi ningekuja." Kisha likabadilisha sauti. "Nasemba!"

Ilikuwa sauti ya Senzota, ya ujanani, ile ya kumwita mtoni.

"Nasemba we!"

Kinywa chake kilikuwa kikavu. Kibuyu kilikuwa kitupu. Ulimi wake ukainuka wenyewe, ukatafuta neno, ukalipata. Ile "abee" ilikuwa imefika menoni. Akaona kwamba angeitika, akajua kwamba alitaka kuitika.

Akachota udongo wa pale kwa mikono yote miwili, akajisokomeza kinywani.

"Nasemba, mke wangu, njoo!"

Udongo ulikuwa baridi, mchungu, umejaa mpaka kooni. Hakuitika. Akapapasa, akamshika Nakijwa mkono. Nakijwa akamshika wa pili, wa pili akamshika wa tatu, wakawa kamba moja ya watu, wakashuka. Zimwi liliwafuata msitu mzima likiita majina yao. Walipoanza kushuka, Nakijwa aligeuka mara moja kumtazama baba yake. Alimwona akitikisa kichwa, kama anavyofanya mtu anapomwambia mtoto, nenda, nenda.

Walifika kwa Namkunda, wakaangukia moto. Namkunda akamkumbatia binti yake, kisha akatazama mlangoni kama wako wengine. Bi Nasemba alitema udongo, akatapika, akatema tena, ndipo akasema.

"Nimemwacha. Nilishindwa kumtoa, na yeye hakutaka. Nisamehe, mwanangu."

Namkunda alimchotea maji akamnawisha uso.

Ukungu ukapanda. Haukushuka mwaka ule, wala uliofuata. Mtaniuliza habari za Mbonea. Mbonea alibaki kulekule, na zaidi ya hapo sijui, wala sitaki kujua.

Bi Nasemba akarudi bustanini kwake. Lakini udongo aliokuwa ameumeza haukumtoka wote. Uliingia kifuani, ukakaa. Alilima akikohoa, alipalilia akikohoa, alizunguka na kikapu chake na watu wakajua anakuja kwa kikohozi chake. Nakijwa alikua akawa msichana mkubwa, akajifunza kwake kupandikiza. Mwaka wa saba kikohozi kikawa na damu. Siku moja, jua limepanda, walimkuta amelala kati ya mistari ya mnavu, jembe limelala mkononi, amekufa.

Kijiji kizima kilikuja kumzika. Wanawake wakamwosha, wakamvisha sanda. Kaburi likachimbwa kando ya bustani yake. Wakamshusha. Na wakati ule wanapotupa udongo wa kwanza, kuku wakanyamaza.

Ukungu ulishuka kwa kasi kama maziwa yaliyochemka. Ulifunika bustani, ukafunika kaburi, ukafunika waombolezaji. Hakuna aliyekuwa na maji. Walikuwa msibani, vinywa wazi, wanalia.

"Jamani!"

Watu wakaganda. Sauti ilitoka kaburini.

"Jamani we! Mbona mnanifukia?"

Ilikuwa sauti ya Bi Nasemba. Ilikuwa na kikohozi chake.

"Ningali hai. Nina baridi. Udongo unaniingia kinywani. Nitoeni!"

Sasa fikirini. Zamani Zimwi lilimwita kila mtu kwa sauti ya mtu wake. Siku hiyo lilikuwa limepata sauti moja ya kuwaita wote. Nani pale hakumpenda? Nani hakuwa na deni la moyo kwake? Na kama kweli alikuwa hai? Kama ndiye? Mwanamume mmoja alitupa jembe akaanza kufukua kwa mikono. Mwingine akapiga magoti. Namkunda akasonga mpaka ukingoni, midomo inacheza.

"Namkunda, mwanangu! Mimi nilikwenda kumtoa mtoto wako. Wewe unaniacha?"

Namkunda akafungua kinywa. Nakijwa akamrukia, akamziba kwa kiganja, wakaanguka wote wawili kwenye udongo mbichi.

"Mama, usiitike!" akanong'ona. "Tumemwosha wenyewe. Alikuwa wa baridi. Na sikiliza anavyosema. Lini Bi Nasemba alimwita mtu aende kwake? Hebu niambie siku moja!"

Namkunda akatulia chini ya kiganja.

Nakijwa akainua sauti. "Jamani, niambieni ninyi! Nani aliwahi kuitwa na Bi Nasemba?"

Watu wakatazamana ukunguni, vivuli tu. Kisha mzee mmoja akasema, "Nilipoanguka gengeni, sikumwita. Nilimwona tu amekuja."

Mwanamke akasema, "Pacha wangu walipokufa nilimfukuza. Kesho yake alikuja tena."

Yule mwanamume aliyekuwa akifukua akaacha. Akatazama mikono yake. "Alipokuwa na homa," akasema, "ile miaka, nilisikia kwamba anaumwa. Nilikuwa karibu. Hakuniita. Nami sikwenda."

"Nitoeni!" sauti ikapiga kelele. "Njooni! Njooni! Njooni!"

Nakijwa akachukua jembe, akatupa udongo kaburini. Mtu hawezi kuwasimulia ugumu wa kitendo kile. Kila jembe la udongo, sauti ilikohoa. Kila jembe la udongo, iliomba. Watu wakashika majembe wakalia na kufukia, wakalia na kufukia, kila mmoja akiwa na hofu kwamba labda wamekosea. Namkunda alifukia kwa mikono. Kaburi lilipojaa, sauti ilihama kaburini, ikaanza kuzunguka ukunguni, ikiwaita mmoja mmoja kwa majina.

Hakuna aliyetaka kuondoka pale. Nyumbani kulikuwa mbali, na njia haikuonekana.

Ndipo Nakijwa akauliza, "Nani hayupo?"

"Bibi Nachai," mtu akajibu. "Amelala, miguu haimwezi. Yuko peke yake."

Kila mtu alijua nani angekwenda, siku nyingine zote. Kila mtu alisubiri hatua zake. Hazikusikika.

Nakijwa akauma upindo wa kanga, akaingia ukunguni. Namkunda akashika nguo ya binti yake, akamfuata. Mzee wa gengeni akashika nguo ya Namkunda. Yule mwanamume akashika ya mzee. Wakaenda kijiji kizima, mstari mmoja, nguo menoni, na Zimwi likitembea kando yao likiita, likibembeleza, likilia kwa sauti ya marehemu wao. Hawakuitika. Walikanyagana, walijikwaa, hawakuitika.

Mlangoni kwa Bibi Nachai walibisha. Ndani pakasikika kishindo, kikongwe anajikokota mpaka ukutani mbali na mlango.

"Ni nani?" akauliza kwa hofu. "Bi Nasemba amekufa. Ni nani anayenijia?"

Nakijwa akatoa kanga kinywani.

"Ni sisi, bibi," akasema. "Tumekuja wote."

Ngano yangu nimeitua hapo, mbele yenu, karibu na moto. Mnaporudi majumbani, rudini mmeshikana.